Kabla Hujaingia Shimo la Tewa na Kalamu Yako

Ushauri wa sheria gerezani huharibikia nje ya geti, kwenye maandalizi. Shimo la Tewa, pale Shanzu, Mombasa, nchini Kenya, kuna gereza la wanaume, la wanawake na Borstal (taasisi ya kurekebisha vijana waliokosea sheria) ya wavulana, na kila sehemu ina mkuu wake. Barua ya kuomba ruhusa imwendee yule unayemhitaji, ikitaja tarehe, mada, na majina ya kila anayeingia kama yalivyo kwenye kitambulisho. Simu ziacheni nje. Ukiombwa umpelekee mtu kikaratasi nyumbani, hata cha salamu tu, kataa: kupitisha vitu kwa siri ni kosa, na mlango utafungwa kwa wenzako wote.

Tenganisha mahabusu na wafungwa, maana maswali yao hayafanani. Mfungwa wa mahakama ya hakimu ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na kifungu cha 351 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamruhusu kukabidhi rufaa yake kwa mkuu wa gereza iwasilishwe. Siku zikipita kwa sababu hakupata nakala ya hukumu, bado anaweza kuomba ikubaliwe. Aliyekiri kosa ana njia nyembamba: hulalamikia tu ukubwa au uhalali wa adhabu. Na umwambie wazi kwamba rufaa inaweza kuongeza kifungo. Wengi hawajui hili hadi wamechelewa.

Waranti ya kifungo, yaani hati ya mahakama inayoagiza mtu afungwe, isomeni mkiwa pamoja, polepole. Kifungu cha 333(2) cha sheria hiyohiyo kinataka muda wa rumande uzingatiwe, lakini hati nyingine huanza kuhesabu siku ya hukumu. Chukua mtu aliyekamatwa 10 Januari 2023, akakaa ndani mfululizo, akahukumiwa miaka mitatu 10 Novemba. Akipata msamaha wa theluthi kwa tabia njema, hesabu ya kuanzia hukumu humtoa Novemba 2025. Ya kuanzia kukamatwa humtoa Januari 2025. Miezi kumi imelala kwenye mstari mmoja wa karatasi.

Uvumi nao una nguvu humo ndani. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2017 katika kesi ya Muruatetu uliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, na Julai 2021 mahakama hiyo ikafafanua kuwa unahusu mauaji peke yake. Aliyefungwa kwa wizi wa mabavu asiambiwe kwamba "Muruatetu atamtoa". Tumaini la uongo linaumiza kuliko kimya.

Kwa mahabusu, usimwulize mtu mbele ya wenzake kama alitenda kosa. Masikio ni mengi, na leo mwenzake, kesho shahidi. Asiyeelewa Kiswahili vizuri, mathalani mzee wa Kigiriama, mkumbushe kwamba mkalimani mahakamani ni haki yake bila malipo.

Daftarini andika namba ya kesi, mahakama, tarehe ijayo, masharti ya dhamana na simu ya ndugu mmoja. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, nayo hufungua mengi: mtu amepewa dhamana, lakini nyumbani Kisauni hawajui ni kiasi gani wala mahakama gani, Mombasa au Shanzu. Wakishajua na bado hawakimudu, Mahakama Kuu inaweza kuombwa ipunguze.