Mteremko wa kiti cha magurudumu kwenye nyumba yenye ngazi

Pima kwanza kimo kutoka ardhini hadi kizingiti cha chini. Kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za urefu: ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha 45, basi mteremko uwe mita 5.4. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanafupisha ili kuokoa saruji, na mtu akipanda peke yake kiti kinamrudisha nyuma. Upana, sentimita 120. Mbele ya mlango acha sehemu bapa ya sentimita 150 kwa 150, kiti kipate kugeuka. Usipige niru (saruji laini ya kung'arisha uso) kabisa, masika itateleza. Saruji ingali mbichi, ipitishie fagio la chelewa kukatiza njia. Kwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, omba kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya mji huo kabla ya kuchimba.