SOMO: Kuitambua samani ya uklasiki mpya, kabla hujanitumia picha na kuuliza "hii ni Louis?"

Wakuu, habari za saa hizi. Kila wiki naletewa picha ileile: kochi lina miguu iliyopinda, limepakwa dhahabu, muuzaji kasema "Louis", mimi naulizwa ni Louis yupi kati ya wafalme wa Ufaransa. Uklasiki mpya ni mtindo wa Ulaya wa karne ya 18 ulioiga Wagiriki na Warumi wa kale. Naandika leo mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Hatua ya 1. Tazama miguu. Imepinda kama ya mbuzi? Hiyo ni rokoko, mtindo wa mikunjo uliotangulia, mambo ya Louis wa 15, ishia hapo. Imenyooka na inapungua kuelekea chini? Twende.

Hatua ya 2. Igawe katikati kwa macho. Kulia na kushoto vifanane.

Hatua ya 3. Soma nakshi. Uchimbaji wa Herculaneum ulianza 1738, wa Pompeii 1748, miji ya Italia iliyofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79. Ulaya ikaingiwa na wazimu wa mambo ya kale, na mikunjo ya rokoko ikaanza kuonekana ya kitoto. Tatizo ni kwamba viti vya mbao vya Wagiriki na Warumi vilikuwa vimeoza zamani, kwa hiyo mafundi waliiba zaidi kwenye majengo. Mguu wa kiti wenye mifereji ni nguzo ya hekalu, ila imepinduliwa: nguzo hupungua kwenda juu, mguu hupungua kwenda chini. Utaona pia masongo ya maua, vyungu, vinubi, vichwa vya kondoo dume. Kwenye viti vya Kifaransa, pale mguu unapokutana na fremu, tafuta kidude cha mraba chenye ua katikati. Mimi hukitafuta hicho kwanza.

Hatua ya 4. Tenga nchi na kipindi. Louis wa 16 alishika ufalme 1774, lakini mtindo unaoitwa kwa jina lake ulishaanza kabla yake. Dawati la babu yake, Louis wa 15, lilianzwa na fundi Oeben mwaka 1760 na kumaliziwa na fundi Riesener 1769. Umbo bado lina mikunjo ya zamani, mapambo yake mengine tayari ni ya mtindo mpya. Uingereza, msanifu majengo Robert Adam alirudi kutoka Italia 1758 na kuleta makabati ya nusu duara yenye njumu nyembamba. Mgongo wa kiti wenye umbo la ngao watu humpa fundi Mwingereza Hepplewhite, ambaye kitabu chake cha michoro ya samani kilitolewa na mjane wake 1788, miaka miwili baada ya kifo chake, na hakuna hata kiti kimoja kilichothibitika kutoka mkononi mwake. Mgongo wa mraba wenye fito ni wa Mwingereza mwingine, Sheraton, miaka ya 1790. Kikiwa kizito, mahogani tupu, kina sanamu za Kimisri, hicho ni cha enzi za Napoleon, aliyevamia Misri 1798.

Hatua ya 5. MTINDO SI UMRI. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mteja aliniletea kiti kilichotoka nje, mgongo wa duaradufu, mifereji, ua la mraba, kila kitu mahali pake. Nikamwambia kwa kifua mbele: hiki ni cha kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Akaenda nacho kwa mtu anayejua. Yule hakuangalia hata nakshi, alikipindua tu miguu juu. Chini ya fremu kulikuwa na michirizi ya msumeno wa duara, ile inayopinda kama upinde, na misumeno hiyo haikuenea hadi karne ya 19. Kilikuwa nakala. Eugénie, mke wa Napoleon wa 3, alimhusudu sana Marie Antoinette, mke wa Louis wa 16, na karakana za wakati wake zikafyatua viti vya namna hii kwa wingi. Mteja alinirudishia kiti na maneno ambayo siyaandiki hapa.

Basi: pindua kwanza, sema baadaye. Pitisha vidole kwenye mbao za chini. Msumeno wa mkono huacha michirizi iliyonyooka. Angalia unene wa vinia, yaani ule ubao mwembamba unaobandikwa juu. Ikiwa nyembamba kama karatasi, imekatwa na mashine. Mafundi bingwa wa Paris walipiga muhuri wa jina, na chama chao kikaongeza herufi JME, alama ya ukaguzi wake, hadi vyama vilipofutwa 1791. Lakini muhuri hughushiwa, na mafundi wa mfalme wengine hawakulazimika kupiga. Na tafadhali, USIPIGE MSASA wala vanishi kabla ya kuuliza. Ukishapiga umefuta ushahidi wote.

MASWALI

kochi_bei_poa: Mkuu, hii yangu Louis wa ngapi? (picha)

Jibu: Miguu imepinda. Hatua ya 1.

kochi_bei_poa: Lakini ina dhahabu.

Jibu: Hata meno huwekwa dhahabu. Hatua ya 1.

pwani_asilia: Mnasifia vya Wazungu, na kiti cha enzi cha Lamu je?

Jibu: Sijamsifia mtu, naeleza samani ninazoulizwa. Fungua uzi wa kiti cha enzi, nitakuwa msomaji wa kwanza.

chipukizi_mza: Shikamoo fundi. Nimetengeneza meza ya miguu ya mraba inayopungua. Ikisimama inaonekana kama imebana magoti. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, swali zuri. Bila shaka umepunguza pande zote nne. Punguza mbili za ndani tu, za nje ziache wima. Na usianzie juu kabisa. Anza chini ya fremu, ili ulimi uingie kwenye mbao iliyo mraba kamili.

chipukizi_mza: Asante sana. Na mifereji kwenye mguu wa kukereza? Nikitumia ruta (mashine ya kuchonga mifereji), chini inaungana.

Jibu: Kwa sababu mguu unapungua na mfereji wako haupungui. Nao lazima uwe mwembamba kadiri unavyoshuka. Chora yote kwa penseli kwanza, maliza kwa patasi ya mviringo. Msasa uzungushie kwenye penseli yenyewe.

mama_samani: Yale mapambo ya shaba ya samani za Paris, dhahabu waliyapakaje?

Jibu: Dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa, ikachomwa moto, zebaki ikawa moshi, dhahabu ikabaki. Ni zebaki ileile ya wachimbaji wetu wadogo, na iliwaua mafundi wengi wa Paris. Usijaribu.

mama_samani: Na mbao? Mninga unafaa?

Jibu: Viti vya kupakwa rangi au dhahabu walitumia mti wa bei nafuu, kwa hiyo usinunue mninga halafu uufunike. Ukitaka mbao ionekane, chukua mkangazi. Ni ukoo mmoja na mahogani yao. Ila randa iwe kali, nyuzi zake hugeukageuka.

chipukizi_mza: Kweli, wangu umenyofoka juzi.

Jibu: Geuza ubao, randa upande wa pili.