Siku moja Roma kutoka melini: anzia mbali, malizia San Pietro

Meli za kitalii zinazotangaza Roma hutia nanga Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka jijini, na ukitembea kivyako meli haikusubiri. Panda treni ya kawaida, upitilize hadi Termini, stesheni kuu ya Roma, uanze na Colosseum (vituo viwili tu kwa metro), kisha urudi kwa miguu kupitia Pantheon na kumalizia Vatikani. Siri ni stesheni ya Roma San Pietro. Iko kama robo saa kwa miguu kutoka uwanja wa Mtakatifu Petro, kuba la basilika unaliona ukiwa hapohapo, na treni hizo za kawaida husimama hapo zikielekea Civitavecchia. Kwa hiyo jioni huvuki tena jiji zima na miguu imechoka. Zile za mwendo kasi hazisimami hapo. Lenga treni inayotangulia ile ya mwisho inayokufaa, maana kutoka stesheni ya Civitavecchia hadi melini bado kuna mwendo. Ukiwa na tiketi ya asubuhi ya Makumbusho ya Vatikani, geuza njia: anzia Vatikani. Siku ya mgomo wa treni usijaribu kabisa; nenda na ziara ya meli.