Jinsi ya Kucheza Ufunguzi wa Kiingereza Mpinzani Anapokuiga

Vijana ninaowafundisha sataranji hapa Ngamiani, Tanga, wengi wao wametokea kwenye drafti, na swali wanalolirudia ni hili: mwenye nyeupe afanye nini iwapo mpinzani anamwiga kila hatua? Ufunguzi huu, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo za mchezo, uliitwa wa Kiingereza kwa sababu mchezaji Howard Staunton, Mwingereza, aliutumia dhidi ya Mfaransa Saint-Amant jijini Paris mwaka 1843.

Hatua ya 1. Kila mraba una herufi ya safu ya wima (a hadi h, kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe) na namba ya safu ya mlalo (1 hadi 8, kuanzia upande wake). Peleka kitunda c4, farasi c3, kitunda g3, askofu g2. Mweusi akijibu kwa c5, c6, g6 na g7, pande zote zimelingana.

Hatua ya 2. Cheza a3 ili kuandaa b4. Wapo wanaopenda kuwahi d4, lakini vitunda na farasi hubadilishana mapema, na kwa anayetafuta ushindi naona a3 ni bora zaidi.

Hatua ya 3. Kabla ya b4, ondoa ngome a1 uipeleke b1. Hapa ndipo wanafunzi wangu hupotea, kwa hiyo weka ubao wa mbao mbele yako, si simu, usogeze kete kwa mkono. Tuseme mweusi amekwisha kucheza e6 nawe ukakimbilia b4 ngome ikiwa bado a1. Farasi wake atakula b4, kitunda chako cha a3 kitamla, kisha kitunda chake cha c5 kitakula b4 na kumshambulia farasi wako wa c3. Farasi huyo akikimbia, askofu wa g7 anaila ngome yako pembeni. Akibaki, analiwa, na hata ukirudishia kwa kitunda cha d2 utakuwa umepungukiwa angalau kitunda kimoja. Ngome ikiwa b1, farasi anaondoka salama na mweusi ndiye aliyepoteza. Zingatia pia kwamba kwenye drafti kula ni lazima, ilhali hapa si lazima: b4 ikishaliwa, hesabu kwanza mshazari wa g7 hadi a1 ndipo urudishie.

Hatua ya 4. Mweusi akizuia kwa a5, mraba wa b5 hauwezi tena kulindwa na kitunda chake cha a. Mpeleke farasi huko.

Hatua ya 5. Mhifadhi mfalme upande wa g, yaani msogeze hadi g1 na ngome ivuke hadi f1 kwa hatua moja. Mweusi akicheza e6 na kumpeleka farasi e7, anaandaa d5. Elekeza nguvu zako kwenye mraba huo kabla hajaufikia.