SOMO: Umeungua au umejikata mdomoni? Anza na hivi, na hiyo aspirini meza usiibane kwenye fizi

Wadau habari za jioni. Mimi ni tabibu wa meno hapa Dodoma na somo hili nimelileta kwa sababu ya mzee mmoja alokuja juzi, jino limemsumbua usiku kucha jirani akamwambia abane aspirini kati ya shavu na fizi alale nayo, asubuhi jino linauma vilevile na shavu kwa ndani limekuwa jeupe kama utando wa maziwa yaliyochemka, nikiligusa na pamba linabanduka na chini yake nyama nyekundu inatoa damu. Aspirini ni asidi jamani, inatuliza maumivu ukishaimeza ikaingia kwenye damu, ukiibana pale inakuchoma tu.

Hatua ya 1, toa kilichokuumiza. Kama ni dawa tema, sukutua na maji mengi uteme, rudia tena na tena. Kama ni moto, maji ya baridi hapohapo. Wagogo wenzangu mlenda mnaujua, ugali unaweza kuwa umeshapoa ila mlenda wenyewe bado una joto na unang'ang'ania kaakaa, huwezi kuutema haraka, kesho yake ngozi nyuma ya meno ya mbele inaning'inia. Usiivute! Itatoka yenyewe.

Hatua ya 2 kama kuna damu, kitambaa safi, bana dakika 10 mfululizo ukiangalia saa. Najua utataka kuchungulia kila baada ya nusu dakika, ndo maana haikati. Mdomo uliopasuka mpaka nje, ulimi uliochanika ukaachana, au mtoto aliyeanguka na kijiti cha mishikaki mdomoni kikamchoma kaakaa kule nyuma, hao ni hospitali hata kama damu imekata.

Hatua ya 3, kuanzia kesho yake nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, sukutua kila ukimaliza kula. Uji uliopoa sawa, pilipili, ndimu na ukwaju weka pembeni kwanza.

Hatua ya 4 hesabu siku. Mdomo unapona haraka kuliko ngozi, kidonda cha kujing'ata au kuungua kidogo wiki moja mbili kimeisha. Kikipita wiki 2 kipo palepale njoo kionekane, tena kile kisichouma ndo kinanitisha zaidi, hasa kwa mvutaji au mtu wa ugoro. Tunaweza kukata kinyama kidogo tukapime kama ni saratani.

MASWALI

Mama wa Nkuhungu: Shikamoo dokta, mwanangu wa miaka 6 aling'olewa jino jana, leo mdomo wa chini umevimba una kitu cheupe, ni usaha?
Jibu: Marahaba mama. Mara nyingi siyo usaha, ameutafuna mdomo wakati una ganzi, hasikii kitu anaona kama mchezo, ganzi inakaa saa kadhaa. Ule weupe ni utando wa kidonda, usiukwangue. Akipata homa au uvimbe ukizidi kupanda mrudishe.

Kijana wa Kibaigwa: huku watu wanaweka maji ya betri kwenye jino lililotoboka na maumivu yanaisha kabisa, we unasemaje
Jibu: Hiyo ni asidi ya salfa kaka. Ikidondokea fizi au ulimi inakula nyama, na hata maumivu yakitulia uozo bado upo. Uje ling'olewe au lizibwe.

Dada wa sabuni: natengeneza sabuni ya maji nyumbani, mtoto akibugia kostiki soda nimtapishe?
Jibu: Hapana dada, usimtapishe, ikipanda inaunguza koo mara ya pili. Na ndimu usimpe eti ikate makali. Muoshe mdomo na maji, mfute, kimbia hospitali na chupa yenyewe mkononi, hata kama mdomoni huoni kidonda maana koo linaweza kuwa limeungua. Halafu tafadhali usiihifadhi kwenye chupa ya soda.

Mjukuu: bibi meno bandia yanamkwaruza fizi, niyakwangue na kisu?
Jibu: Acha kisu. Ayavue fizi ipumzike, halafu mlete bibi na meno yake, kuyasawazisha ni kazi ya dakika chache.