Somo: Kumwandalia ubao wa Lichess mtu anayeanza sataranji

Ujumbe ni uleule kila wiki: "Nimemfungulia mwanangu Lichess, kacheza mara mbili, hataki tena." Lichess ni tovuti ya kuchezea sataranji mtandaoni. Nimeshajibu mmoja mmoja vya kutosha. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Anayeanza hashindwi na mchezo peke yake. Saa inakimbia, pointi zinashuka, mtu asiyemjua anamwandikia, na yeye bado anajiuliza farasi anarukaje. Mwachie ubao na kete tu. Mengine atayakuta akiwa tayari.

Haya yote nayafanya kwenye kivinjari, iwe simu au kompyuta.

Hatua ya 1. Fungua akaunti. Ni bure na hakuna matangazo.

Hatua ya 2. Weka lugha ya Kiswahili. Ukikutana na Kiingereza mahali, mweleze mwenyewe.

Hatua ya 3. Kama ni mtoto, washa hali ya watoto. Inafunga gumzo na ujumbe. Usiiruke.

Hatua ya 4. Ingia mipangilio, sehemu ya mwonekano. Acha vidoto vinavyoonyesha kete inaweza kwenda wapi, na acha rangi inayoonyesha muvu ya mwisho na cheki (mfalme akishambuliwa). Herufi na namba za ubao ziweke ndani ya kila mraba. Pointi za wachezaji zifiche. Vidoto vinawasaidia hasa watoto wetu waliokulia kwenye drafti. Kule kula ni lazima, kwa hiyo wakiona kete ya kuliwa mkono unakwenda wenyewe. Vidoto vinawaonyesha kwamba kete hiyohiyo ina njia nyingine tano.

Hatua ya 5. Tabia ya mchezo. Kwenye simu chagua kusogeza kwa kugusa mraba wa kwanza kisha wa pili, maana kidole kikiburuta kete huiachia mraba mmoja kabla. Zima muvu za mapema: mtoto anachezeachezea kete wakati wa mwenzake, zamu ikirudi tu kete imeshakwenda. Washa uthibitisho wa kukubali kushindwa.

Hatua ya 6. Askari akifika mwisho. Hapa niliharibu, nisomeni taratibu. Kuna mpangilio wa kumgeuza askari kuwa malkia bila kuulizwa, nao una chaguo tatu: kamwe, kwenye muvu za mapema tu, au daima. Mimi niliweka "daima" kwenye akaunti ya mwanafunzi wangu wa miaka tisa. Niliona namwondolea swali lisilo na maana, nani asiyetaka malkia? Siku moja amefika mwisho wa mchezo, Mfalme wake mweupe yuko f6 (herufi ni safu, namba ni mstari), askari f7, mfalme mweusi h7 peke yake. Alikuwa ameshaniambia kwa sauti, "Mwalimu, hapa nataka ngome." Akagusa f8. Akatokea malkia. Mfalme mweusi hakuwa kwenye cheki na hakuwa na mraba hata mmoja wa kwenda: sare. Mtoto alikuwa ameiona hesabu ambayo wakubwa wengi wangeikosa, na mpangilio wangu ukamnyang'anya. Alinitazama, akairudisha simu mezani bila neno.

Kwa hiyo weka "kamwe". Kwenye kompyuta unaweza kushikilia Ctrl wakati wa kupandisha askari ili uulizwe, lakini simu haina Ctrl. Ukitoka hapo hakikisha umeweka kwenye akaunti ya mtoto, siyo yako. Kisha jaribu mwenyewe: fikisha askari mwisho, uone kete nne zinajitokeza uchague.

Hatua ya 7. Mchezo wa kwanza uwe dhidi ya kompyuta, ngazi ya 1 kati ya 8, bila saa. Akishazoea, mtafutie mtu: dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila muvu, mchezo usiohesabu pointi. Dakika tatu msimguse nazo.

MASWALI

kisutu_b4: Mwalimu somo refu. Mwanangu anaandikiwa na watu asiowajua, nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 3.

kisutu_b4: Iko wapi hiyo?

Jibu: Gusa jina la akaunti juu ya ukurasa, ingia mipangilio, hali ya watoto imo kwenye orodha ya hapo. Fanya sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

ngome_kongwe: Vidoto vinalemaza. Sisi tulijifunza kwenye ubao wa mbao bila kidoto, na tunacheza.

Jibu: Tulijifunza tukiwa na mtu pembeni anayesema "hapana, farasi haendi hivyo". Kidoto ndicho mtu huyo. Wangu huwa navizima baada ya miezi miwili hivi, na hakuna aliyelemaa. Kama una mtoto uliyemfundisha bila vidoto mtandaoni na akabaki, niambie ulivyofanya, nitasikiliza.

mama_dodoma: Shikamoo mwalimu. Kabla sijaona somo hili binti yangu alikuwa na pointi 1500, kafungwa michezo mitatu zikaporomoka sana, akalia. Kwa nini zinashuka kwa kasi hivyo?

Jibu: Marahaba mama. Swali zuri sana. Kila mgeni anaanzia 1500 kwa sababu mfumo haumjui. Unaitwa Glicko-2, wa Mmarekani Mark Glickman, na unatunza namba tatu: pointi zenyewe, kiasi cha mashaka juu ya pointi hizo, na kiasi ambacho mchezo wa mtu unayumbayumba. Alama ya kuuliza pembeni ya pointi maana yake mashaka bado ni makubwa, ndiyo maana zinaruka juu na chini. Akicheza zaidi mashaka yanapungua, mruko unakuwa mdogo, alama inaondoka. Mwambie hakupoteza kitu, 1500 ilikuwa makisio tu. Kisha zifiche, hatua ya 4.

farasi_mweusi: Naona herufi N kwenye orodha ya muvu. Ni nini?

Jibu: Farasi. Kwa Kiingereza neno lake linaanza na K, lakini K ameshachukua mfalme, wakachukua herufi ya pili. Kwenye mwonekano kuna chaguo la kuweka picha za kete badala ya herufi. Kwa anayesoma Kiswahili picha ni bora, nashukuru umenikumbusha.

mama_dodoma: Na barazani kwetu jua ni kali, kete nyeusi hazionekani.

Jibu: Badilisha rangi ya ubao, jaribu bluu au kahawia, na uchague kete zenye mistari minene. Vyote vipo kwenye menyu ileile ya jina la akaunti.

farasi_mweusi: Ile nafasi ya hatua ya 6, nimekaa nayo nusu saa. Ngome inashindaje?

Jibu: Nimefurahi umekaa nayo. Askari anafika f8, anakuwa ngome. Ngome haikati mshazari wa f8 hadi h6 kama malkia, kwa hiyo mweusi ana mraba mmoja tu, h6, lazima aende. Ngome inahamia h8, cheki, na mfalme wako pale f6 anamzibia g5, g6 na g7. Chekimeti. Fungua kihariri cha ubao, futa zote, weka kete hizo tatu, kisha chagua kuendelea na kompyuta. Cheza mara moja kwa malkia, mara moja kwa ngome.