Boksi la fyuzi la zamani: kagua nyumba yako kabla haijaungua

Nyumba nyingi za zamani za Ilala, Magomeni na Upanga bado zina meni swichi ya chuma yenye mkono pembeni, na chini yake fyuzi za kauri zinazofungwa kwa waya. Zilipofungwa, kazi yake ilikuwa taa chache, redio na pasi. Leo boksi lilelile linabeba friji, kiyoyozi na shawa ya umeme. Kama unaishi kwenye nyumba ya aina hii, soma mpaka mwisho.

Hatua ya 1: Tazama, sikiliza, nusa. Usifungue kitu, na kama boksi ni la chuma usiliguse. Tafuta madoa ya kahawia, plastiki iliyolainika, mlio wa kuvuma, au harufu ya samaki pasipo na samaki. Plastiki za vifaa vya umeme zikipata moto hutoa harufu hiyo. Ukikuta dalili mojawapo, usiendelee na hatua nyingine, ita fundi.

Hatua ya 2: Fundi achomoe fyuzi, nawe uone waya uliomo. Usichomoe mwenyewe. Hata meni swichi ikizimwa, nyaya zinazotoka kwenye mita bado zina umeme. Waya halali wa fyuzi ya ampea 5 una unene wa milimita 0.2, wa ampea 15 ni 0.5, na wa ampea 30 ni 0.85. Ukikuta nyuzi za shaba zilizosokotwa, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au msumari, hapo hakuna fyuzi tena. Kazi ya fyuzi ni kulinda nyaya zilizo ndani ya ukuta. Ukiizidishia unene, nyaya hizo ndizo zitakazoungua kwanza, mahali usipopaona.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzigo. Gawanya wati kwa 230, yaani volti za umeme wa nyumbani, upate ampea. Shawa ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 22, birika la wati 2,000 karibu 9, pasi ya wati 1,200 zaidi kidogo ya 5. Jumla ni kama 36. Utadhani fyuzi ya 30 itakatika. Haikatiki! Fyuzi ya waya huhitaji karibu mara mbili ya kiwango chake ndipo iyeyuke upesi, na muda wote huo nyaya zinachemka. Sakiti breka haivumilii kiasi hicho, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema boksi hili libadilishwe.

Hatua ya 4: Erthi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba kadhaa za zamani zina nyaya mbili tu bila huo wa erthi, au fimbo ya erthi imeliwa na kutu. Pimisha. Halafu dai kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Hicho ndicho kinachomwokoa mtoto aliyeshika waya uliochubuka.

Hatua ya 5: Kubadilisha. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Lakiri ya mita ni ya TANESCO, usiikate wewe wala fundi wako. Kabla ya boksi jipya kufungwa, nyaya zipimwe kwa mega, kipimo kinachoonyesha kama ngozi ya nyaya bado inazuia umeme usivuje. Boksi jipya juu ya nyaya zilizooza ni hela iliyopotea.

MASWALI

Mpangaji, Magomeni: Shikamoo fundi. Fyuzi inakatika kila jioni, mwenye nyumba anasema tuweke waya mnene.

Marahaba. Msikubali hata kidogo. Jioni ndipo wapangaji wote mnapika na kupiga pasi, kwa hiyo fyuzi inawaambia ukweli. Pangeni zamu kwa sasa, na mwonyesheni hesabu ya hatua ya 3.

Mama wa Upanga: Tumebadilisha boksi, sasa mvua ikinyesha linajizima. Fundi anataka kukitoa hicho kifaa cha umeme unaovuja.

Mama, kisitolewe. Maji yanaingia mahali, mara nyingi kwenye taa ya nje au soketi ya uani. Fundi azime breka zote, awashe moja moja mpaka laini yenye kasoro ijulikane, kisha airekebishe.

Kijana wa Tanga: Skrubu za boksi letu zina ukungu wa kijani, ila umeme haujawahi kukatika.

Hiyo ni hewa ya chumvi, mdogo wangu, na usijipe moyo kwa kuwa haukatiki. Kiungo kilicholegea au kilicholiwa na kutu hupata joto kali huku umeme unaopita ni wa kawaida. Fyuzi haioni tatizo, breka nayo haioni. Fundi azime, asafishe, akaze, na vilivyoliwa vibadilishwe wiki hii.

Dada wa Ilala: Boksi likiwaka moto nifanye nini?

Toa watu kwanza. Zima meni swichi ikiwa tu unaifikia bila kuukaribia moto. Usimwage maji. Mtungi wa unga mkavu au wa kaboni dayoksaidi unafaa. Piga 114, Zimamoto, kisha TANESCO wakate umeme nguzoni.